Sanduku Lisilolala

Jioni, mtu apitaye Kondele atawakuta vijana wamesimama mbele ya vibanda vya muvi, kila mmoja na flashi yake mkononi, wakingojea kujaziwa filamu na nyimbo kwa shilingi chache. Na biashara hiyo, iliyowalisha wengi tangu zama za kanda za video, ingali mlango mmoja ambao watu wa Kisumu hupitia kupata mafaili makubwa. Mlango wa pili hauonekani na mpita njia. Katika nyumba za Milimani na Migosi, na baadhi ya zile za Nyalenda, wapo waliojiwekea sanduku dogo, kimo chake si zaidi ya matofali mawili yaliyobebana, lenye diski mbili au nne tumboni, lililofungwa kwa waya kwenye ruta, likiwaka usiku na mchana. Mafundi huliita NAS, nami katika makala haya nitaliita sanduku.

Wadhifa wake wa asili ni kuhifadhi: picha za arusi na za matanga, hesabu za duka, masomo ya watoto, ili simu ikiibwa stendi ya matatu au kompyuta ikifa, yaliyokuwamo yasipotee pamoja nayo. Lakini maadamu sanduku lenyewe ni kompyuta kamili, ndogo, isiyolala, tena isiyokula stima nyingi, aghalabu wenyewe hulitwika wadhifa wa pili, nao ni kuwa seva ya torenti. Na hapa ndipo panapohitaji maelezo, kwa kuwa wengi hulitenda jambo hili bila ya kujua wamejifunga kwa ahadi gani.

Torenti ni kanuni iliyotungwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Katika njia ya kale, kila aliyetaka faili kubwa aliliendea kwenye seva moja, na wateja walipozidi seva ilielemewa, kama mama mwenye ndoo moja aliyetakiwa kuunywesha mtaa mzima. Katika torenti faili hukatwa vipande, mamia au maelfu, na kila kipande hupewa muhuri wa hesabu, hata kikiharibika njiani au kikighushiwa hutambulikana, hutupwa, na kuombwa upya kwa mtu mwingine. Na kila aliyekwisha kupata kipande hukigawa kwa wenziwe, hali yeye mwenyewe angali akitafuta vilivyosalia, akitanguliza vile vilivyo adimu ili visije vikatoweka. Hivyo wahitaji wakiongezeka, wagawaji nao huongezeka. Wajaluo wanayo desturi ya saga, ambayo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na aliyelimiwa asipotokea siku ya mwenziwe hujulikana. Torenti imejengwa juu ya msingi uo huo, ila humo majirani hawajuani kwa sura, na wengi huondoka mara tu faili lao likikamilika.

Nami nashika kwamba fadhila yote ya sanduku imo katika saa zile za baada ya kupokea. Faili ambalo mwenye nakala kamili wa mwisho amejiondoa huwa limekufa, hata kama watu mia wanaling'ang'ania, iwapo vipande vyao vyote pamoja havilikamilishi. Na mwenye kompyuta ya mapajani huifunga akaenda zake, mwenye simu huogopa bando lake kwisha, bali sanduku hukaa. Mwalimu wa shule ya Seme anayetaka nakala ya Wikipedia ya Kiingereza iliyotengenezwa na Kiwix kwa ajili ya kusomwa pasipo mtandao, ambayo pamoja na picha zake ni ya kadiri ya GB 100, au fundi anayetaka mfumo wa kompyuta wa Debian au Ubuntu, ambao wenyewe wameuruhusu ugawiwe na yeyote, humtegemea mtu aliyekubali kukaa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nchi ikadhoofika, kipande kilichomo katika nyumba ya Kisumu au ya Nairobi kilikuwa na thamani kupita kilichoko Ulaya, kwa kuwa hakikuwa na bahari ya kuvuka.

Ili mgeni akifikie kipande hicho, sharti mlango ufunguliwe, na hapa pana hadhari. Programu ya Transmission, kwa desturi yake, huwasikiliza wageni wa torenti kwenye mlango namba 51413, na humsikiliza mwenye nyumba anayeisimamia kwenye namba 9091. Wa kwanza ndio wa kufunguliwa kwenye ruta, wa pili usifunguliwe kwa nje abadan. Januari 2022 wadhalimu waitwao DeadBolt waliyaingia masanduku ya kampuni ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti, wakayafunga mafaili kwa ufunguo wao, wakadai bitcoin 0.03 kwa kila mhasiriwa. Kwa sababu hiyo torenti na iwe na diski yake na jina lake la kuingilia, lisilo na ruhusa ya kuzigusa picha za familia. Na mwenye kuona kwamba mlango haufunguki kwa vyovyote asimlaumu fundi: anwani za kale za intaneti ni takribani bilioni 4.3 kwa dunia nzima, hazitoshi, na makampuni aghalabu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa namna hiyo ataweza kuwaendea wengine, lakini si kuendewa. Kasi ya kutoa nayo iwekewe mpaka, la sivyo watu wa nyumbani watalalamika kwamba sauti za simu zao za WhatsApp zinakatikakatika.

Lakini adui mkubwa wa sanduku katika bonde hili la ziwa ni radi, ambayo hapa ni nyingi kuliko mahali pengi duniani. Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilichomoa plagi ya stima nikadhani nimesalimika, nikausahau waya wa mtandao uliotoka kwenye antena ya paani. Radi ikapitia huko, ruta ikaungua, na diski zangu mbili pacha, ambazo kila moja ilibeba nakala ya mwenziwe, zikafa usiku mmoja. Zilikuwamo picha za marehemu mama yangu. Tangu hapo nimejua kwamba pacha si akiba, kwa maana wapachikwao pamoja hufa pamoja, na nakala yangu ya tatu inakaa kwa dada yangu Siaya.

Limebaki suala la haki, nalo ni zito kwetu kwa ajili ya muziki wetu wa benga. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu kutengenezwa, bali utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Mwanabenga D.O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki mwaka 2006. Basi nyimbo alizozitunga zinalindwa hata mwisho wa mwaka 2056, ingawa sahani zenyewe ni kuukuu. Anayezipakua kwa torenti asidhani amechukua tu: kanuni ileile inayomfanya mpokeaji kuwa mgawaji humfanya kuwa mchapishaji kwa dunia nzima, usiku kucha, hali yeye amelala. Wanamuziki wengi wa ziwani walikufa bila ya kuonja jasho lao, na sitaki sanduku langu liwe mkono mmoja zaidi wa kuwanyima watoto wao. Nyimbo hizo ninazo, nilizinunua, nazo zinakaa upande usiogawiwa.

Alasiri, mawingu yakianza kujikusanya juu ya milima ya Nandi, mimi huliamuru sanduku lijizime, kisha huchomoa waya zote mbili na kuziweka mbali. Asubuhi hulirudishia. Diski huunguruma, taa ya kijani hupepesa, na kabla chai haijachemka huwa pana mtu, nisiyemjua wala hatanijua, anayechukua kipande cha Debian.