Mtoto Anayesoma Fizikia Ashike Vifaa



Hapa Kakuma na kule Dadaab shule zetu za sekondari zinafuata mtaala wa Kenya. Mwanafunzi wa Fizikia kwenye mtihani wa KCSE anafanya karatasi tatu. Ya tatu ni ya vitendo: saa mbili na nusu, alama 40 kati ya 200. Alama hizo hazipatikani kwa kukariri daftari. Anawekewa vifaa mezani, apime, aandike, achore grafu. Sasa kama hajawahi kuvishika, atafanyaje?

Vifaa anavyokutana navyo mara nyingi ni hivi:

Kalipa ya vernia hupima upana wa kitu kidogo, hata tundu la bomba kwa ndani, mpaka sehemu ya 10 ya milimita. Mikromita hupima waya mwembamba mpaka sehemu ya 100 ya milimita.

Amita hupima mkondo wa umeme, nayo huunganishwa ndani ya njia ya umeme wenyewe. Voltimita huwekwa kando, waya zake mbili zikigusa ncha mbili za kifaa kinachopimwa. Ukiunganisha amita moja kwa moja kwenye betri bila balbu wala kitu kingine cha kuzuia umeme, inaweza kuungua.

Lenzi iliyovimba katikati hukusanya mwanga. Ukiielekeza kwenye mti wa mbali, picha ya mti inaonekana juu ya karatasi nyeupe, kichwa chini.

Maabara ikiwa na vifaa vichache, zoezi moja linafanyika hata nyumbani. Funga jiwe kwa uzi, ulining'inize mahali pasipo na upepo. Kuanzia uzi ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe iwe mita 1. Livute kidogo tu, uliachie. Kwenda na kurudi ni mara moja. Hesabu mara 20 kwa saa ya simu: utapata karibu sekunde 40. Fupisha uzi uwe sentimita 25: sasa ni karibu sekunde 20. Halafu badilisha jiwe, weka zito zaidi, lakini urefu uwe ule ule. Muda haubadiliki! Mwache mtoto aandike majibu yake kwenye jedwali, kama atakavyofanya kwenye mtihani.

Jambo lingine. Wanafunzi wengi wakizunguka meza moja, ni rahisi wavulana washike vifaa na wasichana waachiwe kuandika tu. Siku ya mtihani kila mtu yuko peke yake. Kwa hiyo muulize binti yako leo jioni: wiki hii umeshika kifaa gani? Akijibu hakuna, nenda ukaongee na mwalimu kwa upole, wapange zamu ili kila mtoto apime mwenyewe. Na usingoje Kidato cha Nne.