Kuchuja Nuru: Kupiga Filamu ya Milima ya Usambara kutoka Angani

Msafiri apitaye Mombo mchana huiona milima ya Usambara imesimama kama ukuta wenye rangi ya samawati. Akipanda barabara ya Soni kwenda Lushoto, hukuta miti ya kijani na udongo mwekundu. Ile samawati haipo tena. Je, ilitoka wapi? Yafaa swali hili lijibiwe kwanza na kila atakaye kupiga filamu ya mandhari kwa droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake.

Samawati ya milima

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba chembe ndogo mno zilizomo hewani hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Nuru ya samawati yenye wimbi la nanometa 450 hutawanywa zaidi ya mara 4 ya nuru nyekundu ya nanometa 650. Kwa hiyo hewa iliyo kati ya mtazamaji na mlima humletea samawati yake. Vumbi na moshi huongeza weupe juu ya rangi hiyo.

Kukata mng'ao

Nuru ya jua hutikisika pande zote zinazokingama na mwendo wake. Ikiakisiwa na maji au jani, sehemu kubwa ya nuru iliyoakisiwa hutikisika upande mmoja. Kichujio cha polaroidi hupitisha mtikisiko wa upande mmoja na kuzuia mwingine.

Tuchukue mfano wa majaruba ya mpunga ya Mombo. Yakitazamwa kutoka angani jua likiwa mbele, hung'aa kama vioo. Kichujio kikigeuzwa sawasawa, mng'ao hupungua na miche huonekana. Juu ya maji hufanya kazi vizuri zaidi pale nuru iangukapo kwa pembe ya karibu digrii 53 kutoka mstari wima. Kwa kanuni hiyo hiyo, wapigaji filamu wa pwani huyaonyesha matumbawe yaliyo chini ya maji.

Lakini nguvu yake hutegemea mahali lilipo jua. Droni ikizunguka, anga huweza kuwa nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, wala rubani aliye chini hawezi kukigeuza kichujio. Tena, vumbi na moshi mwingi hakiviondoi. Dawa yake ni kungoja mvua ioshe hewa.

Kupunguza nuru

Filamu ya picha 25 kwa sekunde huonyesha mwendo laini ikiwa kila picha hupokea nuru kwa muda wa sekunde 1/50. Tuseme jua la adhuhuri linataka sekunde 1/3200 tu. Droni nyingi ndogo zina lenzi yenye tundu lisilobadilika, basi hatuwezi kulibana. Tukigawa 3200 kwa 50 tunapata 64. Maana yake, tunahitaji kichujio cha kijivu kipitishacho 1/64 ya nuru, kikipunguza rangi zote kwa kiasi kimoja.

Picha kama ushahidi

Hapa pana hatari. Tuseme shule inapiga picha za mteremko uleule kila mwaka ili ijue kama msitu unapungua au udongo unamomonyoka. Mwaka wa kwanza haikutumia kichujio. Mwaka wa pili ilitumia polaroidi. Mng'ao wa majani ukiondolewa, kijani hukolea, na mtazamaji atadhani msitu umestawi, kumbe kilichobadilika ni kichujio. Kwa hiyo kila picha iandikiwe tarehe, saa, kimo, upande ulioelekewa na kichujio kilichotumika. Na kabla ya kurusha droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ni lazima.

Jaribio

Weka beseni la maji uani, kisha yatazame maji kimshazari kupitia miwani ya polaroidi. Igeuze miwani polepole mpaka digrii 90, ukiangalia mng'ao unavyozidi na kupungua. Usitazame jua kamwe, hata kupitia kichujio. Kichujio hakiongezi chochote katika picha. Kazi yake ni kuondoa. Mwanafunzi wa sayansi sharti ajue kimeondoa nini.