Usinunue samaki kabla ya maji

Wafanyabiashara wa barabara ya Mbarara kwenda Kikagati wanaifahamu vyema Kaberebere, mji mdogo wa wilaya ya Isingiro ambako malori hupakia matoke, na ambako sisi tuliokuwa tukiishi makazi ya wakimbizi ya Nakivale tulikwenda kutafuta bidhaa na wateja. Ni hapo nilipojifunza, tena kwa hasara, jambo ambalo sikutegemea kujifunza ukimbizini: kufuga samaki wa mapambo ndani ya tangi la kioo.

Huenda msomaji akauliza, mkimbizi na samaki wa mapambo wapi na wapi? Nami ningeuliza hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulitoka Burundi mwaka 2015, na baada ya muda nikapata kibanda cha mitumba Kaberebere. Siku moja nilimchukua mwanangu wa miaka minane kwenda Mbarara kununua mzigo. Katika nyumba ya wageni tuliyolala palikuwa na tangi la samaki ukumbini. Mtoto alikaa mbele yake hadi taa zikazimwa. Tangu tukimbie, hakuwahi kuniomba kitu. Usiku ule aliniomba tangi.

Fundi wa madirisha ya alumini alinitengenezea tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hilo huingia lita 54 ukilijaza pomoni, na maji peke yake yana uzito wa kilo 54, kwa hiyo meza dhaifu haifai. Tukalijaza maji ya bomba asubuhi, na jioni ile ile tukatia samaki: wanne wa dhahabu, gapi wanane tuliouziwa Mbarara, na watoto wawili wa ngege pamoja na kambale mmoja mdogo ambao kijana aliwapata kwa wavuvi wa Ziwa Nakivale. Jumla kumi na watano. Tukaona tumemaliza.

Siku ya tatu samaki wa dhahabu walikuwa juu wakihema. Siku ya tano gapi walipungua bila mizoga kuonekana. Siku ya tisa alibaki kambale peke yake, tumbo limemjaa. Mwanangu hakulia. Alifunika tangi kwa kitenge cha mama yake, akatoka nje. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Maji kwanza

Nilirudi Mbarara kwa mzee aliyekuwa akitunza tangi la ile nyumba ya wageni. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba nilinunua samaki kabla ya kuwa na maji. Nikamjibu kuwa maji yalikuwapo, tena safi. Akacheka, akanieleza.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Inatufaa sisi, lakini inaunguza matamvua ya samaki. Maji hayo yaachwe katika beseni lililo wazi kwa siku nzima ndipo yatumike.

Pili, na hili ndilo lililoniua samaki, kinyesi chao na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ziwani kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, nao hukaa zaidi kwenye changarawe na kwenye sponji ya kichujio. Ndiyo maana sponji haioshwi kwa maji ya bomba wala sabuni. Husuuzwa katika maji yaliyotolewa humo humo tangini.

Nikamuuliza, mbona kambale hakufa? Akanikumbusha nisichopaswa kusahau mtu wa ziwa: kambale anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, na hata matopeni anaishi. Kupona kwake hakukuwa ushahidi kwamba maji yalikuwa mazuri.

Samaki gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, maana dukani tunachagua rangi. Samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China, huuzwa akiwa wa kidole, lakini hukua kufikia sentimita 20 na zaidi, na huchafua maji sana. Lita 54 si nyumba yake. Ngege ni wa bwawa na wa sufuria. Akikua dume hujigawia eneo na kuwafukuza wenzake. Kambale ni mla wenzake, na huwinda usiku wakati wewe umelala. Furu, ambao Waganda huwaita nkejje, wana rangi nzuri, lakini madume yao ni wagomvi na tangi dogo huwazidishia ugomvi.

Kwa mwanzo, mzee alinishauri gapi. Ni samaki mdogo wa Amerika ya Kusini, dume lake halizidi sana sentimita 3, na huvumilia makosa ya mwanafunzi. Hupenda maji ya nyuzi 22 hadi 28. Mbarara na Isingiro ni nchi ya juu na usiku kuna baridi, hivyo tangi likae mbali na mlango na dirisha, na mwenye umeme wa uhakika aweke kipasha maji.

Lakini angalia jinsia. Jike la gapi halitagi mayai, huzaa watoto hai karibu kila mwezi, na huweza kutunza mbegu za dume kwa miezi. Ukinunua majike mawili, baada ya nusu mwaka utakuwa unagawia mtaa mzima. Asiyetaka watoto anunue madume matupu.

Nilianza upya na madume matano. Baada ya mwezi nikaongeza watatu, kisha wawili, nikasimama kwenye kumi. Idadi ndogo ina faida nyingine ambayo watu wa umeme wa kukatikakatika tunaielewa. Pampu ya hewa ikizimika, hewa inayoingia kupitia uso wa maji huwatosha samaki kumi wadogo. Haiwatoshi thelathini.

Chakula ni mara moja au mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Kila wiki robo ya maji hutolewa na kuwekwa mengine yaliyolala. Mwanangu aliifanya kazi hiyo kila Jumamosi, na kitenge kikarudi kwa mwenyewe.

Kusafiri nao

Wanaosafiri kutoka Mbarara na samaki wasiwatie kwenye jerikani lililojaa. Tumia mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, na usiwalishe siku ya kuamkia safari ili wasichafue maji yao. Ukifika, eleza mfuko juu ya maji ya tangi kwa dakika kama ishirini, kisha changanya maji kidogo kidogo.

Kwa wale wanaovuka mpaka, samaki hai si robota la mitumba. Kuwaingiza au kuwatoa nchini kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi na ukaguzi wa afya. Najua tulivyozoea kupita, lakini sheria hii ina sababu, na sababu yenyewe ilinigusa siku ya kurudi nyumbani.

Tulipoamua kurejea Burundi, mwaka 2022, tangi halikuwa na nafasi katika mizigo. Mwanangu alipendekeza tuwamwage gapi katika Ziwa Nakivale wapate uhuru. Niliona ni wazo la huruma. Nikampigia mzee simu kumuaga, nikamtajia. Akanizuia kwa ukali.

Aliniuliza kama nalijua gugumaji. Nani asiyelijua? Mmea ule ni wa Amerika ya Kusini, ukasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la kupamba mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeingia Ziwa Victoria, ukiteremshwa na Mto Kagera, mto ule ule tunaouvuka Kikagati, ukaziba bandari na mialo. Akanikumbusha pia sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Aliwatajirisha watu, ni kweli, lakini wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka, na sangara anatajwa kuwa sababu kubwa. Ziwa Nakivale liko katika mfumo wa mto Rwizi, ambao maji yake huelekea Ziwa Victoria. Kinachomwagwa Nakivale hakiishii Nakivale. Na hata kama gapi ni mdogo, ugonjwa alio nao hauonekani kwa macho.

Tukawapeleka gapi wetu Mbarara, wakawekwa kwenye tangi la ukumbini. Tangi letu tupu likaja nasi, limefungwa katika blanketi.

Leo liko Rumonge, na maji yake yanachotwa ziwani. Ndani yake mna samaki sita wadogo wa kahawia wenye mikia ya pembe mbili, wanaoishi kwenye mawe ya ufuko wetu na ambao ndugu wakubwa huwasaidia wazazi kulinda wadogo. Wafugaji wa Ulaya humwita samaki huyu binti wa mfalme wa Burundi, na tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakisafirishiwa samaki wa Tanganyika kwa ndege kutoka Bujumbura. Sisi tulikuwa tukiwaona tangu utotoni tukiogelea, na hatukujua kuwa wana thamani.

Samaki hao wanataka maji magumu yenye chumvichumvi za madini kama ya Tanganyika. Kwa maji ya mvua ya Isingiro wangekufa, hivyo mfanyabiashara asidanganyike kuwabeba. Kila maji na samaki wake. Ndugu yangu unayerudi, au unayevuka kila wiki, ukipenda tangi anza na maji, ongeza samaki mmoja mmoja, na siku ya kuondoka mpe jirani. Usimwage ziwani.