Namna roketi ya mita 23 inavyoundwa upya kwa urefu wa mita moja na kurushwa

Tarehe 12 Desemba 1970, nchi jirani ya Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi iitwayo Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuikumbuka siku hiyo, na kwa kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake.

Roketi yenyewe haikurudi. Scout ilikuwa na hatua 4, na kila hatua ikishamaliza fueli yake iliachwa ianguke baharini au iungue iliporudi hewani. Jumla ya Scout 9 zilipeleka setilaiti angani kutoka Ngomeni, ya mwisho ikiwa ile ya tarehe 25 Machi 1988. Leo, anayetaka kuiona Scout ikipaa hana budi kuiunda mwenyewe, kwa karatasi ngumu, mbao nyepesi na gundi.

Wako watu wanaofanya kazi hiyo, wengi wao Marekani na Ulaya, na wanaichukulia kwa uzito usiopungua ule wa mafundi wa saa. Huchagua chombo kilichowahi kuruka kweli, wakakipunguza kwa uwiano mmoja kutoka puani hadi mkiani, kisha wakakirusha. Ugumu wote umo katika hilo la mwisho. Mfano wa kuwekwa kabatini unaweza kuwa mzito kama jiwe na usimdhuru mtu. Mfano wa kuruka unatakiwa kulipendeza jicho na kuutii upepo kwa wakati mmoja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Muundaji wa roketi hizi kazi yake ni kushika mbili hizo hizo bila kuiachia hata moja.

Chanzo cha fani hii si mchezo tu. Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walishikwa na hamu ya roketi. Walichanganya kemikali majikoni na kuzishindilia ndani ya mabomba ya chuma. Bomba la chuma likipasuka huwa ni bomu, na baadhi ya vijana hao walipoteza vidole, macho, hata maisha. Dawa ya balaa hilo ilikuwa tayari imekwisha kupatikana, tena kwa mwenye duka la viatu. Orville Carlisle, wa mji wa Norfolk katika jimbo la Nebraska, alikuwa na ujuzi wa fataki. Mwaka 1954, akishirikiana na nduguye Robert, alitengeneza roketi ya karatasi na mbao, yenye mota ndogo ya baruti inayobadilishwa kila mruko na mwavuli wa kuirudisha chini salama. Mwaka 1957 aliwasiliana na G. Harry Stine, mtaalamu aliyefanya kazi katika uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, na Stine akaiingiza roketi hiyo sokoni pamoja na kanuni zake za usalama.

Kanuni hizo ndizo msingi wa fani hadi leo. Mwili wa roketi hautengenezwi kwa chuma. Mrushaji hachanganyi baruti wala haipakii mwenyewe. Mota hununuliwa ikiwa imefungwa kiwandani. Huwashwa kwa umeme wa betri, kwa waya mrefu, watu wakiwa wamesimama mbali. Roketi haielekezwi kwa kitu chochote, wala hairushwi upepo ukiwa mkali. Na lazima iwe na njia ya kushuka polepole.

Kwa anayetaka kuunda Scout ya Ngomeni, kazi huanzia mezani, kwenye karatasi. Roketi halisi ilikuwa na urefu upatao mita 23, na hatua yake ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha takriban mita moja. Kwa uwiano wa 1 kwa 20, urefu unakuwa mita moja na sentimita 15, na kipenyo sentimita 5. Hatua za juu ni nyembamba zaidi, kwa hiyo bomba moja la karatasi halitoshi. Yanahitajika kadhaa, yaliyounganishwa kwa vipande vinavyopungua kama shingo ya mtungi. Vipande hivyo vya maungio ndivyo vinavyowachosha wengi, kwa sababu kosa la nusu milimita hapo huonekana kwa macho kama pindo lililoshonwa upogo.

Wenye kushindana huenda mbali zaidi. Haitoshi kuunda Scout tu. Huundwa Scout fulani, iliyoruka siku fulani. Roketi mbili za aina moja hutofautiana kwa rangi, kwa herufi zilizoandikwa ubavuni, hata kwa mahali paliponing'inizwa waya. Kwa hiyo muundaji hukusanya michoro yenye vipimo na picha za siku ile, na katika mashindano huwakabidhi waamuzi ushahidi huo pamoja na roketi yake. Waamuzi hupima, hulinganisha, hutoa alama, na ndipo roketi inaporuhusiwa kwenda uwanjani. Mashindano ya dunia ya roketi za modeli, yenye kundi maalumu la mifano ya vyombo halisi, yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Vršac, Yugoslavia. Mtu anaweza kuwa amemaliza mwaka mzima akisugua msasa na kupaka rangi, na akabaki na sekunde chache tu za kuthibitisha kuwa alichokiunda ni roketi.

Hapo ndipo panapojitokeza jambo lisilomjali fundi: maumbile hayapungui kwa uwiano. Urefu ukigawanywa kwa 20, uzito, kama vitu vya ndani vingebaki vile vile, ungegawanywa kwa 8,000. Scout yenye tani zipatazo 18 ingekuwa na kilo 2 na zaidi kidogo. Mfano wa karatasi huwa mwepesi kuliko hapo, gramu mia kadhaa tu. Lakini hewa ni ile ile, na mvuto wa dunia ni ule ule. Muda nao hausogei. Roketi kubwa ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini, ilichukua takriban sekunde 10 kuupita mnara wake, ikipanda kwa utulivu wa jahazi linalong'oa nanga. Mfano wake huruka kama panzi aliyeshtuliwa. Mwenye kutaka mfano upande polepole ili ufanane na picha za televisheni anataka kitu kitakachomwangusha, na sababu yake ni mapezi.

Roketi nyingi kubwa hujiongoza kwa kugeuza injini zake au moshi unaotoka humo. Scout ilikuwa na ncha za mapezi zinazozunguka, pamoja na vibao vilivyowekwa ndani ya mkondo wa moto. Mfano mdogo hauna akili hiyo. Unategemea hewa inayopita kwenye mapezi yasiyosogea, kama mshale unavyotegemea manyoya yake. Hewa isipopita kwa kasi, mapezi ni mapambo. Ndiyo maana mfano husimamishwa kwenye fimbo ndefu ya chuma inayoushikilia mpaka upate kasi ya kutosha, na wazoefu hutaka mota iwe na nguvu isiyopungua mara 5 ya uzito wa roketi. Kwa mfano wa gramu 200, ambao uzito wake ni kama nyutoni 2, mota inapaswa kutoa nyutoni 10 au zaidi.

Kuna pointi mbili katika mwili wa roketi ambazo muundaji huzitafuta kabla ya jambo lolote. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, yaani pale roketi inapolingana ikiwekwa juu ya kidole, mota ikiwa ndani. Ya pili ni kitovu cha msukumo wa hewa, pale ambapo nguvu zote za upepo wa ubavuni huwa kama zimekusanyika. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, upande wa pua, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili. Kwa Scout hii ndogo ni sentimita 5. Kikiwa nyuma, roketi hupinduka hewani na kwenda popote, hata kwa watazamaji.

Kitovu cha uzito hupatikana kwa kidole. Cha pili kilikuwa taabu hadi mwaka 1966, pale James Barrowman, mhandisi wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, alipowawekea waundaji hesabu inayoweza kufanywa kwa kalamu. Asiyependa hesabu ana njia ya zamani: hukata umbo la roketi kwenye kadibodi, akalilinganisha juu ya ukingo wa rula, na pale linapotulia ndipo anapopachukua kuwa kitovu cha hewa. Jibu hilo si sahihi kabisa, lakini hukosea kwa kuelekea usalama. Mwishowe roketi hufungwa uzi kwenye kitovu cha uzito na kuzungushwa juu ya kichwa. Ikitanguliza pua, iko tayari.

Scout ina bahati, maana kwa asili ina mapezi. Hata hivyo ni madogo, na kuyakuza ni kuharibu uwiano ambao umefanyiwa kazi miezi mingi. Suluhisho la kawaida ni kutia udongo mzito ndani ya pua ili kukisogeza mbele kitovu cha uzito. Vyombo visivyo na mapezi ya kutosha, au visivyo nayo kabisa, huongezewa mapezi ya plastiki angavu yasiyoonekana kwa mbali. Wapo wanaoona hiyo ni hila. Ni afadhali hila hiyo kuliko uongo wa rangi nzuri juu ya kitu kisichoruka.

Mota nayo huwa na maandishi yanayosomwa kama anwani. Herufi huonyesha jumla ya nguvu, na kila herufi ina kikomo maradufu ya iliyoitangulia: A, kisha B, kisha C. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na ya mwisho ni sekunde za kusubiri. Mota ya C6-5 husukuma kwa wastani wa nyutoni 6, ikazimika, ikasubiri sekunde 5 roketi ikiendelea kupanda kwa kasi iliyobaki, kisha kishindo kidogo cha baruti huisukuma pua nje na mwavuli ukafunguka. Sekunde hizo za kusubiri zimevunja roketi nyingi kuliko upepo. Zikiwa chache, mwavuli hufunguka roketi ikiwa bado na kasi na ukachanika. Zikiwa nyingi, roketi huwa imekwisha kugeuka, inashuka kichwa chini, na kilichokuwa Scout hufika ardhini kikiwa kama kopo lililokanyagwa.

Ukubwa hauna mwisho kwa mwenye fedha, uwanja na kibali. Tarehe 25 Aprili 2009, karibu na kijiji cha Price katika jimbo la Maryland, Marekani, fundi wa mabodi ya magari kutoka Ohio, Steve Eves, alirusha Saturn V ya uwiano wa 1 kwa 10. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 11 na uzito wa kilo zipatazo 750, ikasukumwa na mota 9. Ilipanda mita zipatazo 1,350 na kushuka kwa miavuli.

Katika eneo hili la Afrika, roketi ndogo si jambo la kusikika tu. Nchini Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta wamekuwa wakiunda roketi zao katika mradi uitwao Nakuja, ingawa hizo ni za utafiti na si mifano ya chombo kingine. Kwa mwanafunzi wa sekondari au fundi anayependa kujaribu, kikwazo cha kwanza ni mota. Ina baruti, na baruti ni jambo la sheria. Kabla ya kuagiza chochote kutoka nje, ni wajibu kuwauliza polisi na mamlaka ya usafiri wa anga, na mahali pa kurushia pawe mbali na nyumba, nyasi kavu na njia za ndege. Kujitengenezea mota nyumbani kwa sababu ya dukani imekosekana ni kurudi kwenye yale mabomba ya mwaka 1957.

Njia iliyo wazi kwa wengi ni maji. Chupa ya plastiki ya soda ikijazwa maji hadi theluthi yake, ikapigwa hewa kwa pampu ya baiskeli kupitia kizibo chenye vali, huruka ikiachiwa, bila moto wowote. Nayo ina hatari yake, kwa hiyo anayepiga pampu husimama mbali, na chupa haipigwi hewa kuliko inavyoweza kustahimili. Juu ya chupa hiyo huvikwa bomba la karatasi lenye umbo la Scout, likiwa na mapezi 4, shingo zinazopungua na udongo puani. Vitovu viwili hutafutwa vile vile, kwa kidole, kadibodi na uzi.