Rhodes: Kisiwa cha Kutembea Ukiuliza

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilipewa kipindi cha Kiingereza Kidato cha Pili. Kifungu cha ufahamu kilihusu Maajabu Saba ya Dunia ya Kale. Nikaona nisiwachoshe wanafunzi kwa maneno matupu, nikachora ubaoni ile picha maarufu ya sanamu ya Rhodes: jitu la shaba, mguu mmoja upande huu wa mlango wa bandari, mguu mwingine upande ule, meli zinapita katikati. Darasa likachangamka. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, wakati wanaijenga, meli zilikuwa zinapitia wapi?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho hiyo ikasogea, ikasogea, mpaka mazoezi yakaisha na mimi nikarudi chuo na deni. Sijawahi kufika Rhodes, na kwa bumu hili tunalopata sitarajii kufika hivi karibuni. Lakini tangu siku ile nimekisoma sana kisiwa hicho, na nimegundua kuwa swali la yule kijana ndilo la kwenda nalo kila mahali pale: hiki ninachokiona, kilifikaje hapa?

Bandarini

Rhodes ni kisiwa cha Ugiriki, lakini pwani ya Uturuki iko kilomita 18 hivi tu ng'ambo. Mji wake mkuu ulianzishwa mwaka 408 KK, pale miji mitatu ya kisiwani, Lindos, Ialysos na Kameiros, ilipoungana. Mwaka 305 KK jemadari Demetrius aliuzingira, akashindwa, akaondoka na kuacha mitambo yake ya vita. Wenyeji wakaiuza, na kwa fedha hizo Chares wa Lindos akajenga sanamu ya Helios, mungu wao wa jua. Ilikuwa na urefu wa mita 30 na zaidi, shaba kwa nje, mawe na vyuma kwa ndani.

Ilisimama kwa muda usiozidi miaka 60 hivi. Tetemeko la mwaka 226 KK likaivunja magotini. Vipande vilibaki chini kwa karne nyingi, na Pliny, mwandishi wa Kirumi, alisema ni watu wachache walioweza kulikumbatia dole gumba lake.

Sasa ukifika bandari ya Mandraki utakuta nguzo mbili zenye sanamu ndogo za paa, dume na jike. Wageni wanapiga picha pale, wakiambiwa ndipo nyayo zilipokuwa. Lakini picha ya miguu iliyopanuliwa ilibuniwa karne nyingi baada ya sanamu kuanguka. Kwa ujenzi ule, bandari ingefungwa kwa miaka, maana kazi yenyewe inasemekana ilichukua miaka 12. Tena ingeanguka majini, wakati walioiona wanasema ililala nchi kavu. Mahali hasa iliposimama hapajulikani hadi leo. Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi, na mimi ubaoni nilikuwa nimechora hadithi.

Mji wa kale

Kutoka bandarini unaingia mji wa kale, uliozungukwa na kuta zenye urefu wa kilomita 4 hivi. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Kuta hizo ni kazi ya watawa wa Mtakatifu Yohane, ambao walikuwa pia askari. Walikitawala kisiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 14 mpaka Sultani Suleiman alipowashinda mwaka 1522, baada ya kuwazingira kwa miezi sita. Baadaye walihamia Malta.

Pita barabara ya mawe inayoitwa Ippoton. Pande zote mbili kuna nyumba walizofikia watawa hao kufuatana na lugha zao: Wafaransa kwao, Wahispania kwao, Waitaliano kwao. Hospitali yao ya karne ya 15 siku hizi ni makumbusho. Karibu na hapo upo msikiti wa Suleymaniye, kumbukumbu ya karne karibu nne za utawala wa Waturuki.

Mwisho wa barabara ndipo lilipo Jumba la Mkuu wa watawa. Linavutia kweli, na ukiliangalia utasema limetoka moja kwa moja zama za kati. Kumbe mwaka 1856 baruti iliyohifadhiwa karibu ililipuka ikaliharibu vibaya. Hili la leo kwa sehemu kubwa lilijengwa upya na Waitaliano, waliokitawala kisiwa tangu 1912, na wakalimaliza mwaka 1940. Hata sakafu zake nzuri za vijiwe vya rangi zilitolewa kisiwa jirani cha Kos. Siyo kwamba usiingie. Ingia, ila ujue kuwa unaangalia jinsi Waitaliano wa karne ya 20 walivyotaka zama za kati zionekane.

Lindos na bonde la "vipepeo"

Lindos iko pwani ya mashariki: nyumba nyeupe chini, mwamba wa mita 116 juu. Wengine wanapanda kwa miguu, wengine kwa punda wa kukodi. Njiani kuna meli ya kale iliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Kileleni kuna mabaki ya hekalu la Athena ndani ya kuta za wale watawa. Yaani dini mbili, zama mbili, ndani ya ua mmoja.

Petaloudes wanaiita bonde la vipepeo, lakini wale ni nondo. Kati ya Juni na Septemba wanajikusanya kwa maelfu kwenye kivuli na unyevu wa bonde, wakitunza nguvu kwa ajili ya kuzaliana. Watalii walizoea kupiga makofi ili waruke na kuonyesha mbawa nyekundu za ndani. Kila kuruka kunawamalizia nguvu, ndiyo maana siku hizi wageni wanaombwa watulie.

Mtaa wa Wayahudi

Hapa ndipo ningeanzia kama ningepata siku moja tu. Ndani ya mji wa kale kuna sinagogi la Kahal Shalom, la mwaka 1577, la zamani kuliko yote yanayotumika bado Ugiriki. Waumini wake walizungumza Kihispania cha kale, kwa kuwa wengi walitokana na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wao wengi walihama kutafuta riziki, na baadhi walikuja huku kwetu Afrika, hasa mji ambao leo ni Lubumbashi. Baba wa Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, alikuwa Myahudi wa Rhodes.

Waliobaki, Wajerumani waliwakusanya Julai 1944. Tarehe 23 walipakiwa kwenye mashua, kisha kwenye treni, na Agosti 16 wakafikishwa Auschwitz. Walikuwa zaidi ya 1,600. Walionusurika ni kama 150. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaokoa zaidi ya 40 kwa kudai ni raia wa Uturuki au familia zao.

Leo mtaa ule una migahawa na maduka ya zawadi, na katikati ya uwanja kuna jiwe jeusi la kumbukumbu. Mtu anaweza kula, akalipa, akaondoka bila kulisoma. Nyumba bado zipo, wenye nyumba ndio hawapo, na ukuta hautakuambia hilo usipouliza.

Majibu haya nimeyaandika kwa barua, nikamtumia mwalimu mwenyeji wangu ayasome darasani. Nimeandika pia kwamba mchoro wangu ulikuwa wa uongo. Wale vijana sasa wako Kidato cha Tatu. Nanyi mnaokwenda kwenye mazoezi mwaka huu, mkiulizwa swali msilolijua, andikeni jina la aliyeuliza. Mimi la kwake sikuliandika, ikabidi barua niielekeze kwa "kijana wa dawati la nyuma, dirishani".