Beni–Butembo: Magari ya mbio yanalaza nusu ya motere ili kuokoa mafuta, dereva wa milimani afanye nini?

Kwenye barabara ya kilometa 54 inayounganisha miji ya Butembo na Beni, abiria wamezoea jambo moja. Gari linapofika kwenye mteremko, upande wa Maboya au Kabasha, sauti ya motere inakatika. Dereva amezungusha ufunguo. Kinachosikika ni upepo na mlio wa pine tu. Wamotari wengine wanafanya vilevile, wakiwa na abiria wawili nyuma na mzigo mbele.

Sababu inajulikana na wote: mafuta ni ghali. Esansi na mazuti vinavyouzwa Kivu ya Kaskazini vinatoka mbali. Meli inashusha mafuta kwenye bandari ya Mombasa, yanapita katika bomba hadi magharibi mwa Kenya, kisha malori yanayabeba kupitia Uganda hadi mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Wizara ya Uchumi ndiyo inapanga bei kwa kila kanda ya inchi, lakini kwa Kadhafi, muuzaji wa chupa kando ya barabara, bei inafuata hali ya njia. Tangu waasi wa M23 walipoteka Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, njia ya kusini kuelekea Goma haitegemewi tena, na mlango wa Kasindi umezidi kubeba maisha ya miji hii miwili.

Hesabu ni rahisi kufanya. Tuseme taksi inakula lita 9 kwa kilometa 100, na kila siku inakwenda Beni na kurudi Butembo mara mbili. Hizo ni kilometa 216, karibu lita 19 na nusu. Dereva akipunguza sehemu moja tu ya kumi, anabakiza karibu lita 2 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni lita 50 kwa mwezi. Kwa familia inayotegemea gari moja, hayo ni masomo ya watoto.

Lakini je, kuzima motere kwenye mteremko ndiyo njia ya kuzipata lita hizo? Jibu linaweza kupatikana mahali pasipotarajiwa: ndani ya magari ya mbio ya bei kubwa kabisa duniani.

Silinda zinazolala

Mwaka 2012, kampuni ya Lamborghini ya Italia iliweka kwenye gari lake Aventador, lenye silinda 12, mfumo unaozilaza silinda 6 gari linapokwenda polepole. Chini ya kilometa 135 kwa saa, dereva asipokanyaga sana, nusu ya motere inapumzika. Akihitaji nguvu, silinda zote zinaamka mara moja. Corvette ya Marekani iliyotoka kama modeli ya mwaka 2014, yenye V8 ya lita 6.2, inaweza kutembea kwa silinda 4. Audi nayo ilifanya hivyo kwenye S6, S7 na S8.

Wazo si jipya. Cadillac ililijaribu mwaka 1981 kwa motere iliyoweza kutumia silinda 8, 6 au 4. Kompyuta ya wakati ule haikuwa na kasi ya kutosha, wateja walilalamika, na baada ya mwaka mmoja motere hiyo iliondolewa kwenye magari mengi ya kampuni hiyo. Mercedes-Benz ililirudia wazo mwaka 1999, Honda ikafuata mwaka 2003. Volkswagen ililishusha hadi kwenye gari dogo la silinda 4 mwaka 2012.

Kwa nini kulaza silinda kunaokoa mafuta? Motere ya esansi inavuta hewa kupitia kifuniko kinachofunguliwa na pedali ya gesi. Dereva akikanyaga kidogo, kifuniko kinabaki karibu kufungwa, na motere inahangaika kuvuta hewa kama mtu anayekunywa maji kwa mrija mwembamba. Nguvu inapotea kwa kuvuta tu. Nusu ya silinda zikilala, zile zinazobaki zinabeba kazi yote, kifuniko kinafunguka zaidi, na mahangaiko yale yanapungua.

Ila kulala huku ni kwa aina yake. Kompyuta inakata mafuta, na valvu za kuingiza na kutoa zinabaki zimefungwa. Hewa iliyonaswa ndani inabanwa na kuachiliwa kama springi, bila kupoteza nguvu nyingi. Ndiyo maana mtu asidhani kwamba kuchomoa waya wa buji moja kwenye gari la kawaida kutaleta faida hiyo. Valvu zitaendelea kufunguka, esansi mbichi itaosha oili kwenye kuta za silinda, motere itatetemeka na matumizi yataongezeka.

Faida yenyewe si ya ajabu. Volkswagen ilitangaza kwamba mfumo wake unapunguza karibu lita 0.4 kwa kilometa 100 katika jaribio rasmi la Ulaya, na karibu lita 1 gari likienda kwa mwendo ule ule wa kilometa 50 kwa saa. Mfumo huo unafanya kazi motere ikiwa kati ya mizunguko 1,400 na 4,000 kwa dakika, na mzigo ukiwa mdogo. Kwa maneno mengine, unapenda barabara tambarare na mguu mtulivu.

Milima ina sheria zake

Hapo ndipo Butembo inatofautiana na Ulaya. Mji uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Beni iko chini zaidi, karibu mita 1,100, na Kasindi iko chini tena, kwenye bonde la Semuliki. Kwa urefu wa Butembo, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko Mombasa. Motere isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Dereva anakanyaga zaidi ili apande, kifuniko cha hewa kinafunguka chenyewe, na silinda hazipati nafasi ya kulala. Aventador ikipanda kuelekea Butembo na mzigo, ingeamsha silinda zote 12.

Hata magari makubwa ambayo watu hapa wanayaita V8 kwa heshima hayana mfumo huo. Land Cruiser ya 200 inachoma mafuta kwenye silinda zote 8 wakati wote, hata ikiwa imesimama mbele ya ofisi na klimatizeri inafanya kazi. Toyota ilichagua njia nyingine: Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 iliacha V8 na kuchukua V6 yenye turbo mbili.

Na ile taa ya kijani iliyoandikwa ECO kwenye Toyota nyingi zinazoingia kupitia Mombasa? Kwenye magari mengi ya zamani, taa hiyo haizimi chochote. Inamwambia dereva tu kwamba anakanyaga vizuri. Pale ambapo kuna kitufe cha ECO, kinaifanya pedali iwe nzito kuitikia na kupunguza kazi ya klimatizeri. Mguu wa dereva ndio unaofanya kazi iliyobaki.

Siri iliyo tayari ndani ya gari

Hata hivyo, gari la kawaida linalotembea Beni na Butembo lina akili moja inayofanana na ya Lamborghini, na kwenye mteremko inashinda. Karibu kila gari la enjeksheni, dereva akiondoa mguu kwenye gesi huku vitesi ikiwa imeingia, kompyuta inakata esansi kwenye silinda zote. Si nusu, ni zote. Pine ndizo zinazoizungusha motere, na matumizi ni sifuri hadi mizunguko ishuke karibu na ile ya gari lililosimama.

Maana yake ni wazi. Dereva anayeshuka akiwa na vitesi ya pili au ya tatu, bila kukanyaga gesi, hatumii hata tone moja. Anayeondoa vitesi na kuacha motere iwake anatumia zaidi yake, kwa sababu motere inahitaji mafuta ili isizimike. Na anayezima motere kabisa hapati kitu ambacho vitesi isingempa, ila anapoteza mengi.

Kwanza anapoteza freni. Msaada unaofanya pedali ya freni iwe laini unatoka kwenye mvuto wa motere. Motere ikizimwa, akiba inayobaki inatosha kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho unaweza kujifunga. Kwenye lori, kompresa ya hewa inasimama na freni zinaendelea kumaliza hewa iliyobaki. Gari la otomatiki linaumia pia, kwa sababu pampu ya oili ya gia haizunguki tena.

Zaidi ya hayo, vitesi yenyewe ni freni. Inashikilia gari bila kuchosha pedi. Dereva anayeshuka huru anazikanyaga freni njia nzima, zinapata moto, na mtoto wa shule anapovuka chini ya mlima haziitikii.

Kwa wamotari hali ni tofauti kidogo. Pikipiki nyingi bado zina karbirateri, na karbirateri haina kompyuta ya kukata mafuta. Lakini kushuka ukiwa na vitesi na gesi imefungwa kunatumia kidogo sana, na pikipiki inabaki mkononi. Faida kubwa ya motari iko kwenye garaji. Karbirateri iliyotengenezwa kwa ajili ya nyanda za chini inatoa esansi nyingi kupita hewa ya Butembo. Buji ikitoka nyeusi na yenye masizi, ni alama ya hilo, au ya kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Fundi anayejua kazi anaweza kurekebisha mchanganyiko au kuweka tundu dogo zaidi la kupitisha mafuta.

Mambo mengine hayahitaji teknolojia ya Italia. Hewa pungufu ndani ya pine inaongeza matumizi. Mzigo juu ya gari unakamata upepo. Motere inayowaka dakika ishirini kwenye maegesho ikisubiri abiria wa mwisho inakula esansi bila kusogea hata mita moja.

Barabara nayo ina sehemu yake. Mwezi wa Juni 2021, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua Kasindi mradi wa kilometa 223, ukiwemo kilometa 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Kwenye lami gari linashika mwendo mmoja, na mwendo mmoja ndio unaokula kidogo. Lakini lami inaongeza pia kasi ya anayeshuka bila motere.

Kwa hiyo, kabla ya mteremko wa Kabasha, ufunguo ubaki mahali pake na mkono uende kwenye vitesi. Esansi itakatwa vilevile, na freni zitakuwa bado zinafanya kazi gari likifika chini.