Barabara Kuu na Barabara Zake Ndogo, Kutoka Uyole hadi Ndandalo

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za umma za Tanzania Bara katika mafungu mawili. La kwanza ni barabara za kitaifa, yaani barabara kuu, zinazounganisha mikoa na nchi jirani, na barabara za mikoa, zinazounganisha makao makuu ya wilaya na ya mkoa. Hizi zinasimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS). La pili ni barabara za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ambazo tangu 2017 zinahudumiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mgawanyo huu unaonekana kama shughuli ya maofisini, lakini dereva anayeufahamu hujua mapema atakutana na magari ya aina gani, kwa mwendo gani, na ni nini kitakachokuwa kando ya lami.

Anayetoka Uyole, jijini Mbeya, kwenda kata ya Ndandalo wilayani Kyela huupitia mgawanyo huo karibu wote kwa safari moja. Barabara kuu inaachana na ile ya Dar es Salaam na Tunduma hapo Uyole, inapanda mabega ya Mlima Rungwe, inashuka kupitia Kiwira na Tukuyu, kisha inafika Kasumulu kwenye daraja la Mto Songwe, mpakani na Malawi. Malori ya shehena na ya mafuta ya Malawi hupita humo, sambamba na mabasi, Noah za abiria na magari yaliyosheheni ndizi.

Hatari kubwa ya sehemu hii ni mteremko. Tukuyu iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Breki huzuia gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Lori lenye mzigo likishushwa kwa kukanyaga breki mfululizo, joto hilo hukosa nafasi ya kupoa, na pedali hubaki inakanyagika bila gari kupunguza mwendo. Kwa hiyo gia ndogo inaingizwa kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake, ili injini ndiyo ilizuie gari na breki zibaki za kusaidia. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kuiondoa kinga hiyo kabisa, na hakuna mafuta yanayostahili bei hiyo.

Kulipita gari la mbele ndiyo hatari ya pili kwa uzito. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kikomo cha mabasi na malori nje ya makazi, hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Likikutana na jingine la mwendo huohuo, nafasi kati yao hupungua kwa mita 44 kila sekunde. Mstari usiokatika huchorwa pale ambapo kona au kilima kinaficha umbali huo. Ukungu wa Rungwe huuficha hata palipo na mstari uliokatika.

Katika makazi kikomo ni kilomita 50. Miji kama Kiwira imekua kandokando ya barabara kuu, na soko, kituo cha basi na shule hutazamana na malori. Eneo la hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara; palipoachwa wazi, dereva humwona mapema mtoto anayetaka kuvuka.

Kuanzia njia panda ya Ibanda kuelekea Kyela na bandari ya Itungi, milima inakwisha na hatari inageuka. Barabara imenyooka, na kunyooka huko huvuta mguu kwenye mafuta. Lakini bodaboda, baiskeli zenye magunia ya mpunga na watembea kwa miguu wote wanaigawana lami hiyo, na usiku wengi wao hawana taa. Mwendo wa usiku unapaswa kuwa ule unaoliwezesha gari kusimama ndani ya umbali unaomulikwa na taa zake.

Kisha kuna maji. Mvua za masika ni nyingi mno Kyela, na mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kulisukuma gari dogo kando, na rangi yake ya tope huficha kalvati lililobomoka. Kusubiri yapungue ndiyo njia salama; kufuata gari lililotangulia hakuthibitishi kitu, kwa kuwa tairi zake huenda ndizo zilizomalizia ukingo.

Barabara za wilaya zinazoingia kwenye mashamba ya mpunga na kokoa ni nyembamba, za udongo au changarawe. Changarawe huteleza kama lami iliyolowa, hivyo breki hukanyagwa polepole na usukani haukatwi ghafla. Vumbi la gari la mbele ni ukungu mwingine: umbali huongezwa na taa huwashwa hata mchana.

Mahali panapotaka uangalifu kuliko pote ni pale barabara ya aina moja inapokutana na nyingine. Anayetoka kwenye udongo hana haki ya kutangulia. Husimama kabisa, huangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu magari hupita kushoto na la kwanza kumfikia hutoka kulia. Matope kwenye tairi hupunguza mshiko katika mita za mwanzo za lami, kwa hiyo anahitaji mwanya mkubwa zaidi ya anaoudhani. Aliye kwenye barabara kuu, naye, hupunguza mwendo akiona kibao cha makutano, kwani migomba na nyumba humficha bodaboda hadi anapokuwa tayari ameingia.